Bolti ya Nyuma, Upande wa Ndani

Nilipoaga gereji mwezi uliopita, vijana walininunulia kitenge na keki. Mmoja wao akaniomba niandike yale ambayo miaka yote nimekuwa nikiwaambia kwa kupiga kelele, ili angalau wayasome kwa utulivu. Basi naandika. Sitaeleza nilipandaje cheo, maana katika gereji yetu ya Igoma kupanda kulikuwa ni kupanda juu ya tairi ili ufikie injini ya lori. Nataka kuwaeleza kuhusu hofu. Nyinyi vijana mnaionea aibu, mnaificha nyuma ya muziki na utani. Mimi nimeishi nayo kazini tangu siku ya kwanza, na sijaona fundi wa maana ambaye hakuwa nayo.

Siku hiyo ya kwanza nilifika na cheti cha chuo cha ufundi ndani ya bahasha ya kaki, na ovaroli mpya iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Fundi mkuu alikuwa Mzee Bulugu, Msukuma mrefu, mwembamba, aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba cha injini cha meli za ziwani kabla ya kuhamia nchi kavu. Alikuwa na kovu la moto kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono. Aliitazama bahasha yangu, hakuifungua.

"Wewe ni Mhaya?"

"Ndiyo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unaweza kushika spana bila kuieleza kwa Kiingereza?"

"Nitajaribu."

"Haya, shika hii."

Hakuwa amenipa spana hata hivyo. Alinipa brashi ya waya na debe la bolti kuukuu, akaniambia nizisafishe meno. Nilikaa juu ya ringi ya tairi nikisugua hadi jioni, nikiwaza mama yangu kule Bukoba angesema nini kama angeniona. Kila baada ya muda Mzee Bulugu alikuja, akaokota bolti moja, akaniuliza: "Hii ilikuwa na nini?" Nikamjibu kutu. "Na hii?" Grisi. "Na hii?" Nikamwambia ina unga mwekundu, kama rangi iliyokauka. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndivyo nilivyokutana na gundi ya nati.

Kwa asiyeijua, ni majimaji yanayouzwa kwenye kichupa kidogo. Unadondosha tone kwenye meno ya bolti, unakaza, nayo yanaganda humo ndani, hivyo mtikisiko wa barabara hauwezi kuilegeza. Ile ya bluu inafunguka kwa spana na nguvu za kawaida. Nyekundu ni ndoa ya kanisani. Ukitaka kuivunja, jiandae kwa moto.

Nilijifunza hilo kwa bolti za flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Nilipambana na bolti ya kwanza tangu chai ya asubuhi, nikaimiminia mafuta nikidhani ni kutu, nikaingiza bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu zaidi. Bolti ikatoa mlio wa kukwaruza, ikasogea kidogo, kisha ikawa nzito vilevile. Nikaogopa, nikaacha. Mzee Bulugu akaja na tochi ya gesi. Kabla ya kuiwasha aliweka ndoo ya mchanga upande mmoja na gunia lililolowa maji upande mwingine, akanuka hewa kama mbwa, akaniambia niondoe matambara yote yenye mafuta. Ndipo akaipasha moto ile bolti kichwani, taratibu, mpaka kimoshi chembamba kikaanza kutoka.

"Sasa, ikiwa bado ya moto. Ikipoa itashika tena. Vuta polepole, usishtue."

Nikavuta. Ikatoka, lakini ililia njia nzima, jino kwa jino, ikimwaga ule unga.

"Umesikia?" akasema. "Kutu hulia mara moja, halafu hunyamaza. Gundi hulalamika mpaka mwisho. Ukizichanganya, utakata bolti nzima au utaiacha iliyokuwa inakuja."

Mzee Bulugu alikuwa na hofu kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Watu wa gereji walimwita Mzee Rudia. Alikuwa akifunga geti jioni, anatembea hadi barabara ya Musoma, halafu anarudi kuhakikisha kwamba mtungi wa gesi umefungwa. Akishaweka magurudumu anakaza nati, anazikagua, anakunywa maji, anazikagua tena. Mwanzoni nilicheka na wenzangu. Baada ya miaka michache nikajikuta nimesimama kituo cha Igoma nikijiuliza kama nilikaza bolti za breki za gari la mwalimu mmoja, na nikarudi kwa miguu, na lile gari lilikuwa limeshaondoka. Sikulala vizuri mpaka nilipomwona mwalimu yule akinunua nyanya sokoni. Nilimsalimia kwa furaha kubwa hadi akashangaa.

Mwenzetu wa tatu alikuwa Sospeter, Mkerewe, wa rika langu, fundi wa springi na usukani. Sospeter alikuwa anaongea. Aliongea na wateja, akaongea na magari, akaongea na kuku wa jirani waliokuja kudonoa chini ya meza. Mzee Bulugu alisema huyu akizikwa itabidi kaburi liwe na dirisha. Mimi nilimzoea kiasi kwamba nikifanya kazi bila sauti yake nilihisi kuna kitu hakiendi sawa kwenye injini.

Gereji ilikuwa na pikapu yake ya kubebea vifaa, yenye kebini ya milango minne. Kiti cha dereva kilikuwa kimeanza kucheza. Ukikanyaga breki kinakwenda nawe mbele. Mzee Bulugu alikifungua, akanyoosha miguu ya kiti, akakirudisha kwa bolti mpya, na kila bolti akaitia gundi nyekundu. Nilikuwepo. Nilimuuliza kama bluu isingetosha.

"Kiti ndicho kinachomshika mtu," akasema. "Kikihama, na mtu anahama."

Sikubisha. Nilikuwa nimekwisha kuwa fundi kamili wakati huo, lakini mbele yake nilikuwa bado yule wa debe la bolti.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa siku ya kawaida. Tulivuka ziwa asubuhi kwa kivuko cha Kamanga, sisi watatu, kumtengenezea mteja gari lake lililokuwa limekwama upande wa Sengerema. Kazi ikaisha salama. Mteja akatuomba tumpelekee gari lake mjini likapimwe magurudumu, kwa hiyo tukarudi na magari mawili: Sospeter mbele na pikapu yetu na vifaa vyote, mimi nyuma yake nikiendesha gari la mteja, Mzee Bulugu kando yangu akinikumbusha mambo ya kuangalia barabarani.

Hatukuwa mbali na Kamanga. Ziwa lilikuwa linaonekana kati ya mawe. Kundi la ng'ombe lilikuwa limeshavuka barabara, na mchungaji akatupungia mkono tupite. Ndipo ndama mmoja aliyebaki nyuma akaruka kumfuata mama yake. Niliona taa za breki za pikapu zikiwaka. Nikaona gari likienda kushoto, likipita ndama, likishuka mtaroni. Halafu kishindo. Kulikuwa na jiwe mle mtaroni, kubwa kama meza, na pikapu ililipiga kwa pua.

Tulikimbia. Sospeter alikuwa hai. Alikuwa amekaa wima, mikanda imemshika, damu kidogo ikimtoka juu ya jicho. Lakini mbele ya gari ilikuwa imerudi ndani. Dashibodi na nguzo ya usukani vilikuwa vimeshuka juu ya mapaja yake, na chini miguu yake ilikuwa imebanwa mahali ambapo macho hayafiki.

"Ndama yuko wapi?" akauliza.

"Mzima," nikasema.

"Afadhali. Maana mwenye ng'ombe angeniua yeye. Dada Ana, sisikii mguu wa kulia."

Mzee Bulugu hakuwa ameingia ndani. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mtaro, ananuka hewa. Nami nikanuka. Petroli. Ilikuwa inadondoka mahali fulani chini ya gari, na mchanga ulikuwa umeanza kubadilika rangi.

Sijui kama mmewahi kumwona mtu akitetemeka na huku anafanya kila kitu sawasawa. Mzee Bulugu akawafukuza watu waliokuwa wameanza kukusanyika, akamnyang'anya mmoja sigara, akaikanyaga mbali. Akafungua kile kilichobaki cha boneti, akachomoa waya wa betri ule wa hasi, polepole, asije akatoa cheche. Akawaagiza vijana wamwage mchanga juu ya petroli. Dereva wa bodaboda akaenda mbio kumleta muuguzi wa zahanati iliyokuwa jirani.

Muuguzi alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, aliyefika na begi lake mgongoni. Aliingiza mkono chini ya dashibodi, akapapasa kwa muda mrefu, akautoa ukiwa na damu. Akaniita pembeni.

"Anavuja damu huko chini na siwezi kupafikia nipafunge. Atoke. Sasa hivi, siyo baadaye."

Dereva wa lori aliyekuwa amesimama akasema ana kamba, afunge kiti avute kwa nyuma. Muuguzi akasema kama anataka Sospeter abaki na mguu mmoja na mwingine ubaki garini, afanye hivyo. Mwingine akauliza kwa nini hatukati kwa moto, si sisi ni mafundi? Harufu ilimjibu.

Niliingia kiti cha nyuma nikaangalia sakafu. Kiti cha dereva kinashikwa na bolti nne. Zile mbili za mbele zilikuwa zimeng'oka pamoja na bati la sakafu, na reli ya kusogezea kiti ilikuwa imejikunja. Kilichokuwa kinambana Sospeter kule mbele kilikuwa ni hizi mbili za nyuma. Zikitoka, kiti kingerudi nyuma kwangu, na yeye angerudi nacho. Nilifunua zulia. Bolti zilikuwa pale, safi, na pembeni ya kila moja kulikuwa na mstari mwekundu.

Nilimwangalia Mzee Bulugu kupitia dirisha. Alikuwa ameshaelewa.

"Maji ya moto," akasema. "Yanayochemka kabisa. Hayatatosha kuiyeyusha gundi, lakini yatailegeza. Nani ana maji?"

Mama mmoja, Mama Nyamizi, alikuwa na kibanda cha chakula juu kidogo barabarani, na sufuria ya maji ya ugali ilikuwa motoni. Hakuuliza kitu. Vijana wakapanga foleni kutoka kwenye kibanda hadi kwenye gari, moto ukabaki kule mbali, maji yakaja kwa majagi na birika. Tukaweka gunia lililolowa maji baridi kati ya bolti na Sospeter ili yasimchome.

Bolti ya upande wa mlango aliifungua Mzee mwenyewe. Maji, kusubiri, maji tena. Soketi, ule mdomo wa spana unaovaa bolti, akaigonga kwa kiganja mpaka ikakaa chini kabisa, akaingiza mpini wa jeki kwenye spana uwe mrefu, akavuta kwa uzito wa mwili. Ililia, ikaja. Watu wakapiga vigelegele. Nikawaambia wanyamaze.

Maana ile ya ndani ilikuwa kando ya mgongo wa sakafu, pale breki ya mkono ilipo, na kiti kilikuwa kimeinamia upande huo. Mkono wa Mzee haukupita. Wa dereva wa lori haukupita, tena ulikwama, tukapata kazi nyingine ya kuutoa. Wangu ukapita hadi juu ya kiwiko, shavu langu likiwa limelala kwenye zulia lililolowa. Niliipata bolti kwa vidole. Mkono ulikuwa umeziba, sikuweza kuiona tena. Spana ilikuwa na nafasi ya kuzunguka kidogo tu, kisha inagonga chuma.

"Mzee," nikasema, "mpini wa jeki hautaingia huku. Nina mkono tu."

"Basi tuipashe zaidi."

Alikata chupa ya plastiki akatengeneza bomba la kumwagia, akaanza kumimina. Maji yalifika kwenye bolti na yakafika pia kwangu. Nilijifunga kitambaa kilicholowa, lakini kifundo cha mkono kiliungua. Alama ipo mpaka leo, na siku za baridi inaniwasha.

Sospeter alikuwa anaongea. Alikuwa ananisimulia kuhusu shemeji yake wa Nansio aliyenunua mbuzi asiyekuwa na haya. Nilikuwa nasikia nusu. Kisha nikasikia yule mbuzi amekatika katikati ya sentensi.

"Sospeter!"

Kimya.

"Sospeter! Mbuzi alifanya nini?"

"Aliingia kanisani," akasema, sauti imekuwa nyembamba. "Dada Ana. Nasikia baridi."

Muuguzi alikuwa ameshika mkono wa Sospeter, anahesabu mapigo. Hakuniangalia. Nikavuta spana kwa nguvu zangu zote, na bolti ikalia. Ikasogea. Nikavuta tena, ikalia tena, lakini haikulegea hata kidogo. Ilikuwa nzito vilevile, na hapo ndipo nilipoogopa. Kwa sababu bolti inayokatika nayo husogea hivyohivyo. Inajinyonga kama kitambaa, inakudanganya kwamba inakuja, halafu kichwa kinabaki mkononi mwako na mwili unabaki ndani. Na chini ya sakafu nati imechomelewa kwenye bati. Hiyo nayo ikiachia, utazungusha hadi kiama. Pikapu ilikuwa imelalia tumbo mtaroni, hakuna ambaye angeweza kuingia chini kuangalia.

"Mzee, inasogea lakini hailegei. Nadhani inakatika."

Niligeuza jicho nikamwona ameshika ile chupa, maji yanamwagika nje, analia.

"Gundi hiyo niliiweka mimi," akasema. "Bluu ingetosha. Uliniuliza, Ana. Uliniuliza."

"Mzee Bulugu," Sospeter akasema, polepole sana, "utalia baadaye. Mwaga maji."

Mzee akamwaga maji. Akapangusa uso kwa mkono wa shati, akainama karibu na sikio langu. Sauti yake ikarudi ile ya gereji.

"Ng'wanawane, mwanangu, nisikilize. Usivute tena. Achia mkono. Iache ijisemee yenyewe. Imerudi au imebaki?"

Nikaelewa. Bolti inayojinyonga ni kama springi, ukiiachia inarudi kidogo ilikotoka. Bolti inayofunguka inabaki pale ulipoifikisha. Nikaachia spana taratibu, nikaweka kidole kwenye kichwa cha bolti, nikasikiliza kwa ncha ya kidole. Nje kulikuwa na watu wengi na sikusikia hata mmoja.

"Imebaki."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nawaambieni ukweli, sijawahi kuwa na hakika ya bolti yoyote kama hiyo. Nikavuta tena, nikaachia tena, nikaweka kidole.

"Imebaki, Mzee."

"Basi ni gundi inalalamika. Iache ilalamike. Vuta, rudisha kidogo, vuta. Ule unga usijazane kwenye meno. Maji yanakuja."

Nikavuta, nikarudisha kidogo, nikavuta. Kila mvuto ulikuwa mfupi kama kiganja cha mtoto. Maji yakaja, yakaniunguza, nikavuta. Nilikuwa namwomba Bikira Maria kwa Kihaya na kuitukana bolti kwa Kiswahili, na Muuguzi baadaye aliniambia nilikuwa nayachanganya kwa sauti. Ililia mkononi mwangu njia nzima, jino kwa jino, mpaka ghafla spana ikawa nyepesi na kitu kikadondoka kwenye kiganja changu, cha moto, chenye unga.

"Imetoka!"

Dereva wa lori na Mzee wakakishika kiti mgongoni, Muuguzi akamshika Sospeter kiunoni, wakavuta pamoja, Muuguzi akihesabu. Kiti kikarudi nyuma. Sospeter akapiga yowe ambalo nadhani lilivuka ziwa. Sijawahi kufurahia yowe la mtu namna ile.

Muuguzi aliufunga mguu kwa kanga ya Mama Nyamizi na kipande cha ubao, tukamlaza kwenye gari la mteja, tukakimbia Kamanga. Kivuko kilikuwa kimeanza kuinua mlango wake. Mzee Bulugu, yule aliyenifundisha kutokimbia kwenye gereji, alishuka gari likiwa bado linatembea, akaingia majini hadi magotini akipunga shati lake jeupe. Mlango ukashushwa. Tukavuka. Katika safari ile yote nilimshika Sospeter mkono na kumuuliza habari za mbuzi, na alinijibu kwa neno mojamoja, na kila alipochelewa kujibu nilihisi ziwa limepanuka.

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili na mshipa ulikuwa umekatika. Madaktari wa mjini waliuokoa. Ulipona ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Sospeter alipoanza kuongea tena wodini, wagonjwa wa vitanda vya jirani waliomba wahamishwe.

Tulipokwenda kumwona, Mzee Bulugu alisimama mlangoni, kofia mkononi, hataki kuingia.

"Mzee, shikamoo. Karibu. Mbona unasimama kama mdai?"

"Sospeter, ile gundi..."

"Ile gundi nimeilalia hapa kitandani nikaiwaza. Gari lilipopiga jiwe, zile za mbele ziling'oka na bati. Kama na za nyuma zingeng'oka? Ningetokea kiooni, Mzee. Mngeniokota juu ya jiwe."

"Na kama Ana asingepitisha mkono?"

Sospeter akafikiri. "Basi tungekuwa na maneno mengine," akasema.

Hawakuwahi kumaliza mjadala huo. Mimi pia sijaumaliza. Kuanzia hapo gerejini tulirudisha viti kwa gundi ya bluu tu, kwa tone moja, na tulikaza kwa spana yenye kipimo badala ya kukisia kwa bega. Nyekundu ikabaki kwa vitu vya ndani ya injini na gia, ambako hakuna mtu anayekaa. Mzee Bulugu alifanya kazi muda kidogo baada ya hapo. Alikuwa akikuta kiti chochote, hata cha gari lililokuja kubadilishwa oili, anainama kukitikisa. Siku moja akaniambia amechoka kuogopa kwa niaba ya watu asiowajua, akaenda kwao Magu kulima mpunga. Nilimtembelea mwaka jana. Alinionyesha mashine yake ya kukoboa, na kabla hajaiwasha alizunguka kuikagua, akakunywa maji, akazunguka tena.

Sospeter alirudi gerejini akitembea na fimbo. Springi na usukani aliviweza. Kuendesha hakutaka. Ukimpa funguo ahamishe gari hatua chache uani, alikuwa anatania, anaita mtu mwingine, anaanza hadithi. Hatukumlazimisha. Pikapu tulikuwa tumeinyoosha, tukaibadilishia sakafu, na kiti cha dereva nilikirudisha mimi mwenyewe, bila kumwita mtu anisaidie.

Asubuhi moja tulihitaji vipuri Nyegezi na mimi nilikuwa nimefungwa plasta kwenye kidole gumba. Sospeter akawa ameegemea mlango wa pikapu. Nilishaandaa maneno ya kumtuma mtu mwingine. Akaniomba funguo.

Alipanda kwa shida, mguu ule mfupi ukitangulia. Nikapanda upande wa pili. Akashika usukani kwa mikono miwili bila kuwasha gari, na niliona jasho limemtoka juu ya mdomo ingawa jua lilikuwa halijapanda.

"Dada Ana. Kiti hiki umekikaza?"

"Nimekikaza."

Akatazama mbele, kule geti lilipo.

"Na kikitakiwa kufunguka, kitafunguka?"

Nilijua bolti zile moja moja. Nilijua nati zake, tone nililoweka, na nguvu niliyotumia. Hata hivyo niliinama nikakitikisa kiti kabla sijamjibu.

"Kitafunguka, Sospeter."

Akawasha gari. Hakuongea hata neno moja mpaka Nyegezi.